Chini ya Mbavu za Hanifah

Katika ndoa yake ya miaka sita Fauziya alikuwa na siri moja tu, nayo ilikuwa njiti ya ufagio. Aliichomeka kati ya bati na boriti ya bafu la uani, mahali ambapo mama mkwe hafiki bila kupanda kiti na mume hana sababu ya kutazama. Njiti ilikuwa na alama mbili za kalamu. Ya juu ilikaa sawa na chuchu ya kushoto ya mtoto, ya chini ilionyesha bandama lilipoishia, chini ya mbavu. Sista Selpher wa kliniki ndiye aliyemfundisha: kila ukimwogesha, bonyeza taratibu kwa ncha za vidole, tafuta ukingo wake, pima. Likishuka vidole viwili kupita alama, usimsubiri mtu, usipike hata chai, njoo.

Kliniki hiyo, ndani ya hospitali, ilikuwa ya watoto wenye ugonjwa wa damu uitwao selimundu. Fauziya hakuwa amelitaja neno hilo nyumbani. Alimwambia mumewe kwamba Hanifah ana damu kidogo, basi, kwa sababu kwenye ukoo ule ugonjwa wa mtoto huulizwa kwa mama, na yeye alikuwa ameshachoka kuulizwa. Mara mbili sista alimwagiza aje na baba wa mtoto, na mara mbili alijibu kwamba baba amesafiri. Nasuru alikuwa muuza nyama hapo hapo Busia, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka machinjioni mpaka buchani.

Jumatatu hiyo Hanifah hakupigana na sabuni. Ndivyo mama yake alivyojua. Mtoto huyu wa miaka minne, aliyegeuza kila kuoga kuwa vita, aliegemea mkono wa mama yake na kuomba maji ya kunywa, akanywa, akaomba tena. Fauziya akaweka vidole chini ya mbavu. Ukingo haukuwa mahali pake. Akashuka, akashuka tena, mpaka karibu na kitovu, na kitu kigumu kilikuwa bado kiko chini ya vidole vyake. Akapima kwa njiti: vidole vinne kupita alama. Akafungua viganja vya mtoto, akakuta vimekuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa.

Alimfunga mgongoni akiwa bado na povu nyuma ya masikio, akachomeka njiti kwenye kitenge, akatoka. Bucha ilikuwa njiani, kwenye barabara ya Tororo, na mwanamke hawezi kumpitisha mtoto wa mtu mbele ya duka la baba yake kwenda hospitali bila kusema neno. Hilo nalo lilikuwa kosa, ila kwa sisi tunaosimulia ni rahisi kuliona.

Nasuru alikuwa akikata mbavu. Ana miaka kumi na saba kwenye kazi hii, aproni yake ni nyeupe kuliko kanzu za watu wengine, na wateja humpenda kwa sababu hapimi mifupa kama nyama. Asubuhi hiyo walikuwa watatu, mbele yao mwalimu Lillian aliyekwisha pokea kilo yake. Fauziya alinong'ona. Panga lilikuwa linagonga gogo, Nasuru hakusikia, akamwambia arudie. Akarudia kwa sauti.

"Bandama ya mtoto imevimba."

Panga likasimama. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa tumbo la mtoto tu, minyoo labda. Kwa muuza nyama ni neno jingine kabisa. Kila alfajiri pale machinjioni Chrispinus, mkaguzi wa nyama, hushika bandama la kila ng'ombe kabla hajashika kitu kingine. Likiwa limevimba, jeusi, laini kama uji, na damu ya mnyama haigandi, basi ni kimeta. Hakuna anayegusa tena. Mnyama huchomwa kwa kuni na kufukiwa na chokaa, ngozi na kwato, na waliomshika huandikwa majina. Nasuru aliwahi kusimama kwenye moto kama huo. Mwenye ng'ombe alikuwa amekaa mbali, kwenye majani, akiwa amejifunika uso kwa shati.

Na Hanifah alishinda dukani siku ya Jumamosi, akichezea kwato chini ya meza.

Nasuru alizunguka meza upesi, akamvuta mkewe nyuma ya duka. Alimwambia arudi nyumbani kwa njia ya uani, afunge mlango, mtoto asiguswe na mtu. Hospitali asiende, huko wataandika, na wakiandika watakuja na kuni. Yeye mwenyewe atatafuta sindano. Fauziya alimsikiliza na asielewe hata neno moja, akaona tu kwamba mumewe amekuwa na uso ambao hakuwahi kuuona.

Hanifah aliinua kichwa kutoka mgongoni, akamnyoshea baba yake mikono yote miwili kama alivyozoea. Nasuru akarudi nyuma hatua moja, kisogo chake kikagonga ndoano ya nyama.

"Unakimbia mutoto wako?" Fauziya aliuliza.

"Mikono yangu ni muchafu."

"Mikono yako ni muchafu kila siku, na kila siku unabeba yeye." Alikaza kitenge kifuani. "Mimi nakwenda hospitali. Wewe baki na nyama yako."

Akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, akapanda, wakaondoka kuelekea hospitali. Wateja wakaanza kunong'onezana.

Nasuru alinawa kwa jiki ya kung'arishia nguo mpaka viwiko, akarudia, mpaka ngozi ikaanza kuwaka. Kisha akaenda kwenye duka la dawa za mifugo lililo mkabala, akaomba penisilini. Mchinjaji yeyote anajua kwamba kimeta kikiwahiwa huogopa penisilini. Muuzaji, mama mmoja mkarimu anayependa kazi yake, akashusha chupa, akamuuliza ndama ana kilo ngapi ili ampimie vizuri.

"Kumi na tatu," Nasuru alisema.

"Ndama wa kilo kumi na tatu? Huyo hata mbuzi hajafika. Amezaliwa leo?"

Nasuru alitaka kujibu. Alikuwa na uongo tayari. Kisha akilini akamwona Hanifah amenyosha mikono, akajiona mwenyewe anarudi nyuma, akaona aibu ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Akaiacha chupa juu ya meza na kutoka. Akampigia simu Chrispinus, akamwambia aje afunge duka, achome kila kitu, kwa sababu mtoto wake ana kimeta na amekipata dukani kwake.

Chrispinus alifika akihema, na habari ilikuwa imemtangulia. Mwalimu Lillian alikuwa amerudi na kilo yake kwenye mfuko, ameishika mbali na mwili kwa vidole viwili, akaiweka kwenye ngazi ya duka. Wanunuzi wengine wawili wa alfajiri wakafanya vivyo hivyo. Mifuko mitatu ilikaa pale ngazini, na Nasuru alisimama karibu nayo akiwa amevua aproni, mbele ya mtaa mzima. Mkaguzi alikagua kila paja na kila mbavu. Alikata tezi, akanusa, akatazama damu ilivyoganda kwenye ubao. Hakuwa na haraka. Mwishowe akafuta kisu chake.

"Nani aliona bandama ya mutoto?" aliuliza.

"Mama yake. Kwa vidole."

"Mutoto iko na kidonda nyeusi kwa ngozi?"

"Hapana."

"Nasuru, sikiza. Mimi ni wa ng'ombe, mambo ya watu sijui. Lakini bandama ya ng'ombe yako nilikata mimi mwenyewe leo, na ya Jumamosi nilikata mimi. Nyama hii ni safi kuliko mimi na wewe. Huyo mutoto hakupata ugonjwa kwako hapa. Enda hospitali uone ni nini."

Akaokota mfuko mmoja pale ngazini, akausukuma kifuani mwa mwalimu Lillian na kumwambia akapike. Nasuru hakubaki kuona kama aliupokea.

Hospitalini alitegemea kukuta chumba kimefungwa na watu wamefunika pua. Alimkuta sista Selpher ameketi kitandani kwa Hanifah, mikono mitupu bila glovu, vidole vyake juu ya tumbo lile lile, anazungumza na mtoto habari za kuku. Juu yao ulining'inia mfuko wa damu. Tone lilishuka, likakaa, likashuka jingine. Hanifah alikuwa amefumba macho, na midomo yake haikuwa na rangi yoyote. Fauziya alikuwa upande wa pili wa kitanda na njiti yake mapajani. Hakumtazama mumewe.

"Wewe ndiye baba anayesafiri?" sista aliuliza.

Nasuru alimtazama mkewe, mkewe akatazama njiti. Nasuru akajibu kwamba ndiyo, amerudi.

Sista alimweleza kwa ufupi. Damu ya mtoto imekwama ndani ya bandama lake, nusu yake na zaidi, ndiyo maana mwili mwingine umebaki mweupe. Wangechelewa mpaka jioni, alisema, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Sasa anampa nusu tu ya mfuko huu, tena polepole. Nasuru akauliza kwa nini nusu, mtoto akiwa mweupe hivi, kwa nini asipewe wote.

"Kwa sababu ile iliyofungiwa itarudi," sista alisema. "Bandama ikianza kulegea itamrudishia damu yake mwenyewe. Zikikutana zote pamoja zitamzidi."

Hilo lilimkaa Nasuru kichwani. Damu iliyomtoka mnyama hajawahi kuiona ikirudi. Kwake damu ilikuwa kitu cha kumwagwa, najisi, cha kusukumwa kwa fagio mpaka mtaroni huku ukitaja jina la Mungu. Sasa alisimama akitazama tone likiingia kwenye mkono wa mtoto, na hakujua afikiri nini.

Akaja Osinya wa maabara kuchukua tone jingine la kupima, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nasuru akamfuata kwenye veranda. Alitaka kuuliza jambo moja: hiyo damu ya mfukoni ni ya nani. Osinya alisema ni ya mtu, majina hawaandiki. Labda mwanafunzi, labda mvuvi wa Majanji, kule ziwani.

"Na huyo mtu sasa anaishi vipi bila damu yake?"

Osinya alimtazama kuona kama anatania. Akaona hatanii. Akamuuliza anafanya kazi gani, na aliposikia akafungua mlango wa maabara, akamwambia aingie.

"Ukipasua mfupa wa ndama, ndani ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na wa ng'ombe mzee?"

"Nyeupe. Mafuta. Ile watu wanapenda kwa supu."

"Umewahi kujiuliza kwa nini?"

Hakuwahi. Miaka kumi na saba amepasua mifupa, akampa kila mteja wa supu uboho wake, na hakuwahi. Osinya alimwambia kwamba ule wekundu ndio jiko. Damu hupikwa humo, ndani ya mfupa. Kwa mtoto karibu kila mfupa unapika. Kwa mtu mzima jiko hubaki kwenye nyonga, mbavu, kidari na uti wa mgongo, na halizimwi mchana wala usiku, mpaka siku ya kufa. "Tangu ulipojibu 'nyekundu' mpaka sasa," alisema, "mifupa yako imetoa chembe mpya zaidi ya milioni mia. Kila sekunde kama milioni mbili. Huyo mtu wa mfuko alikunywa soda akaenda kwake, na mifupa yake ikaendelea kupika."

Nasuru aligusa kidari chake juu ya shati. Hapakuwa na kitu cha kusikia. Alibaki na kiganja pale.

Kisha akauliza yeye, polepole, kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa. Kuna kinyama cheupe, alisema, kiko juu ya moyo wa ndama na kinapanda mpaka kooni. Kwa ndama ni kikubwa, kinajaa mkono. Kwa ng'ombe mzee ukikitafuta hukioni. Wachinjaji wote wanakijua na hakuna mwenye jina lake. Kile nacho kina kazi?

Osinya akaweka chini kioo alichokuwa ameshika. Alikuwa amefundisha wanafunzi wa unesi miaka mitatu na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Ile ni shule," alisema. "Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Kuna wanaozaliwa kwa mfupa, halafu wanapelekwa pale wakiwa wajinga, wanafundishwa huyu ni wa nyumbani, huyu ni mgeni. Askari anayetaka kupiga watu wa nyumbani anamalizwa huko huko, hatoki. Mtoto akikua, askari wa kutosha wameshafundishwa, shule inapungua. Wewe yako imebaki mafuta. Ya Hanifah iko wazi, inafundisha hata sasa."

"Na tezi? Zile mkaguzi anakata kwa shingo?"

"Vituo vyao. Wanakutana pale na ugonjwa, wanapigana, kituo kinavimba. Mkaguzi wako anaenda kuuliza kwa kituo kama kulikuwa na vita."

Nasuru aliketi kwenye kiti cha maabara bila kukaribishwa. Kila alfajiri vitu hivyo vyote vilipita mikononi mwake, jiko na shule na vituo, naye akaviuza kwa supu au akavitupa upande wa mbwa. Alijisikia kama mtu aliyeishi miaka mingi jirani na nyumba ya mfalme akidhani ni ghala. Akasema subhanallah, kwa sauti ndogo, bila kumwambia mtu.

Osinya alimsogezea hadubini na kumwonyesha jicho liwekwe wapi. Mwanzoni Nasuru aliona kope zake mwenyewe. Kisha chembe zikaonekana, duara nyingi nyekundu, laini, zimelala pamoja, na katikati yao nyembamba zilizopinda, zenye ncha. Hizo zilizopinda, Osinya alisema, ndizo ugonjwa. Bandama ni kama pale mpakani kwetu: kila chembe lazima ipite mahali pembamba ikaguliwe. Ya duara inajikunja inapita. Iliyopinda ni ngumu, inakwama getini, nyuma yake zinapangana nyingine, nzima na mbovu, kama malori siku mtandao wa forodha ukianguka. Bandama la mtoto halikufanya ubaya. Lilikuwa linakagua, likazidiwa.

"Na hizo zilizopinda zimetoka wapi?" Nasuru aliuliza, jicho likiwa bado kwenye hadubini. "Kama si kwa nyama."

Osinya alivua miwani yake. "Kwako na kwa mama yake. Nusu kwako, nusu kwake. Mwenye nusu moja haumwi, hata hajui. Aliyepewa zote mbili ndiye anaumwa."

Nasuru aliondoa jicho kwenye hadubini, akatazama viganja vyake. Alikuwa amekimbia mikono ya mtoto akiogopa kilichotoka dukani, kumbe kilitoka ndani zaidi, kwenye mifupa yake mwenyewe, kabla mtoto hajazaliwa. Moyo ulimuuma, na hakuna neno zuri zaidi la kusema hilo. Osinya, ambaye hakuwa mtu wa kufariji, alimpa alichokuwa nacho. Alimwambia kwamba nusu hiyo haikukaa kwenye ukoo wao bure. Nchi hii ni ya malaria, na mtoto mwenye nusu moja malaria kali humshinda kwa shida. Huenda babu zake waliokoka kwayo, na yeye pia, akiwa mdogo kama huyu aliyelala pale.

Aliporudi wodini alimkuta Fauziya amekaa vile vile. Akaketi karibu naye, akamwambia aliyoyasikia, nusu na nusu. Fauziya akasema kwamba alijua, sista alimwambia mwaka jana. Aliogopa kwamba ile nusu ya mume wake haitatajwa, itatajwa yake tu, na mama mkwe atamfungashia mizigo aondoke.

"Mama nitaambia mimi," Nasuru alisema. "Nitaanza na nusu yangu."

Fauziya ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kesho yake saa sita mchana Hanifah alikataa uji, akasema ni mbaya, na wodi nzima ikafurahi. Midomo ilikuwa na rangi. Viganja vilikuwa vimeanza kuwa vya mtu. Sista Selpher akaita njiti. Fauziya aliishika, kisha akampa mumewe. Sista akamwonyesha: alama ya juu hapa, vidole hapa, bonyeza kidogo, ngoja avute pumzi.

Hanifah akakunja pua. "Baba, mikono yako inanuka jiki."

"Nilinawa vibaya," Nasuru alisema. "Sitanawa hivyo tena."

Akaweka vidole chini ya mbavu. Mtoto akavuta pumzi, na kitu laini, cha moto, kikashuka kikagusa ncha za vidole vyake, kisha kikapanda kurudi ndani. Kidole kimoja tu kupita alama. Damu ilikuwa inarudi, kama alivyosema sista. Nasuru hakutoa mkono. Alisubiri pumzi nyingine, na nyingine, kila mara kikija kumgusa na kuondoka. Miaka kumi na saba alikuwa ameshika mabandama yasiyo na hesabu, na hili lilikuwa la kwanza kulishika likiwa hai.